Gemu yako ina bei tayari, ila anayelipwa si wewe

Swali

Kaka, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Arua, Uganda. Kwa miezi 14 nimekuwa nikitengeneza gemu peke yangu, usiku nikitoka kazini, kwa kutumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni gemu ya dereva wa lori. Unabeba mzigo kutoka Malaba, unapita Jinja na Kampala, unavuka Karuma na Pakwach hadi unaingia Arua. Maneno yote ni ya Kiswahili kwa sababu madereva ndivyo wanavyoongea. Nimeigawa bure kwa WhatsApp na kwa Xender, ile programu ya kutumiana mafaili simu kwa simu. Mwezi uliopita nilipita sokoni nikaikuta kwenye kibanda cha kuchoma filamu, kijana mwenye kibanda anawawekea watu kwenye simu kwa shilingi 1,000. Nilirudi nyumbani sijui nifurahi au nikasirike. Rafiki zangu wengine wanasema nikianza kutoza watu watanikimbia. Wengine wanasema gemu ya mtu mmoja si kitu cha kuuza, ni ya kuonyesha uwezo tu. Je, nitoze pesa? Na kama ni kutoza, nitoze kiasi gani?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kukujibu nimeicheza gemu yako mara mbili, mara ya pili hadi mwisho. Pale Karuma nilipunguza mwendo kupisha basi, nyani mmoja akaruka juu ya turubai, akashuka na mkungu wa ndizi, na tanboi akaanza kumrushia maneno ambayo nimeyasikia kwa masikio yangu barabara ile ile. Nimepita njia hiyo tangu utotoni. Sijawahi kuiona ndani ya gemu ya mtu yeyote, wa hapa wala wa nje. Basi ujue ninayekujibu ni mtu ambaye ameshapenda ulichokitengeneza.

Jibu langu ni hili: toza. Lakini usimtoze kila mtu, usitoze mahali pamoja tu, wala usitoze kabla mtu hajaonja.

Nianze na yule kijana wa kibandani, maana ndiye aliyekuletea habari kubwa kuliko wewe ulivyoiona. Umeambiwa ukitoza watu watakukimbia. Huyu hapa amewauzia ya kwako kwa shilingi 1,000, bila tangazo na bila ruhusa, na wateja wamelipa. Hilo si jambo geni hata kidogo. Nenda kwenye nyumba yoyote ya PlayStation, Arua au Kampala, utaona vijana wamekaa kwenye benchi, noti na sarafu mkononi, wanalipa mechi moja moja, aliyefungwa anampisha mwenzake. Nenda kwenye kibanda cha video, filamu ni ya Hong Kong au ya Nigeria, watu wamelipa kiingilio kumsikiliza VJ akiitafsiri kwa Kiganda. Watu wetu wanalipia burudani kila siku ya Mungu. Wanalipa kidogo kidogo, taslimu, kwa mtu wanayemwona usoni, baada ya kuona kwa macho kitu wanachokilipia.

Wasichonacho ni kadi ya benki. Na bando wanaihesabu. Tangu Julai 2021 kodi ya asilimia 12 imo ndani ya kila bando, kwa hiyo gemu ya megabaiti 200 ina gharama hata ukiiita ya bure. Kijana wa kibandani alitatua mambo hayo mawili kwa mpigo. Mteja hachomi bando, na analipa kwa noti. Alichouza ni kazi ya kuifikisha gemu kwenye simu. Kwa hiyo anaposema rafiki yako kwamba watu hawalipi, mwambie watu hawana njia ya kulipa inayowafaa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na la pili lina dawa.

Sasa nikueleze kwa nini nasema utoze, maana sababu yangu haihusu jasho lako la miezi 14.

Mwaka 2015 nilitengeneza gemu ya omweso. Mashimo 32, kete 64, kama tulivyofundishwa na wazee, na kompyuta ya kucheza nayo ukiwa huna mwenzako. Niliiweka Google Play bure. Nilikuwa naona haya kutoza. Nilijiambia omweso ni wa watu wote, mimi ni nani niuze. Ilipendwa. Mama mmoja Mganda, muuguzi anayefanya kazi Uingereza, aliniandikia kwamba anaicheza usiku akiwa zamu, anamkumbuka babu yake, na akaniuliza atume pesa wapi. Nilimjibu kwa furaha kwamba asijali, ni bure.

Miaka ikapita. Google hutaka kila programu iendane na matoleo mapya ya Android, na usipoiboresha, mwenye simu mpya haioni tena dukani. Kuiboresha kulihitaji wiki tatu za kazi, na wiki hizo tatu nilikuwa na kibarua kingine kilichokuwa kinalipa karo ya watoto. Niliahirisha. Kisha nikafikiri niitoze angalau kidogo, nipate pesa ya kununua muda huo. Hapo ndipo nilipojifunza sheria ambayo naomba uiandike ukutani: Google Play ukishatoa programu bure, huwezi kuigeuza ikawa ya kulipia. Lazima utengeneze programu mpya yenye jina jipya la ndani, uanze na sifuri, na maoni yote mazuri ya watu yanabaki kwenye ile ya zamani. Sikuwa na nguvu hiyo. Yule mama aliniandikia tena alipobadilisha simu, akiuliza gemu imekwenda wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana nakuambia bei ni malisho. Mkeka ukishasukwa umesukwa, lakini gemu inafanana na mbuzi, kila siku inataka majani. Leo simu mpya imetoka na kioo kirefu, vitufe vyako vinafichika. Kesho mtu wa Nebbi anakwambia lori linazama darajani. Kesho kutwa laptopu yako inakufa. Anayemlisha mbuzi huyo ni nani? Ukitoa bure kila kitu, umeamua kwamba utamlisha wewe peke yako kutoka mfukoni mwako hadi siku utakapochoka, na siku hiyo waliokuwa wakiipenda ndio wanaopoteza. Wachezaji wako wanastahili kupewa nafasi ya kuitunza pamoja nawe.

Kuna kisa kimoja cha nje ambacho ningependa ukichukue kwa uzito. Ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, walianza kuigawa gemu yao Dwarf Fortress bure mwaka 2006. Waliishi kwa michango ya wachezaji kwa miaka na miaka. Kisha Zach akaugua saratani ya ngozi, na ndugu hao wakaona wazi kwamba gharama za matibabu kule kwao zinaweza kuwamaliza wakati wowote. Walitangaza mwaka 2019 kwamba watauza toleo lenye picha nzuri, na likatoka Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tarehe 6 Desemba 2022 kwa dola 29.99. Angalia walichofanya na lile la zamani: waliliacha bure, na hadi leo ni bure. Je, watu walikimbia? Mwezi wa kwanza ulileta zaidi ya dola milioni 7. Miongoni mwa wanunuzi walikuwemo wale wale waliocheza bure kwa miaka. Walikuwa wanasubiri kuonyeshwa pa kulipia, kama yule mama wangu wa omweso.

Sikuambii utapata milioni. Nakuambia aliyepata bure hageuki adui siku ukiweka bei, mradi humnyang'anyi alichokwisha kupata. Toleo la kwanza ulilogawa kwa Xender liache liendelee kuzunguka. Usilifuatilie, usilizime.

Na kuhusu gemu ya mtu mmoja kutokuwa kitu cha kuuza, hilo halinichukui muda. Stardew Valley aliitengeneza Eric Barone peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akaiuza dola 14.99 mwaka 2016, na ni miongoni mwa gemu zilizouzwa sana duniani. Fundi wa kitanda hapo sokoni kwenu naye yuko peke yake. Mbona hawamwambii agawe vitanda?

Hapa kwetu kuna mtu ambaye simwachi kumtaja nikiongea na vijana. Lual Mayen familia yake ilikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, senti kwa senti, hadi akafikisha dola 300 za kumnunulia laptopu. Kambini hapakuwa na umeme, kwa hiyo alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Ndani ya laptopu ile akajifundisha mwenyewe na kuanza gemu yake ya amani, Salaam. Nikisikia mtu anasema gemu fulani haikugharimu kitu kwa sababu imetengenezwa na mtu mmoja nyumbani, namfikiria yule mama na akiba yake ya miaka mitatu. Wewe pia kuna aliyelipa. Piga hesabu ya umeme, bando, laptopu na usiku wako.

Sasa tuingie kwenye njia zenyewe.

Matangazo. Najua utaambiwa weka gemu bure, matangazo yatakulipa, na utatajiwa Flappy Bird ya yule kijana wa Vietnam, Dong Nguyen, iliyosemekana kumwingizia dola 50,000 kwa siku kabla hajaiondoa mwenyewe Februari 2014. Ile ilikuwa bahati iliyompata mtu mmoja kati ya maelfu. Tangazo linalipa kwa kuangalia mtazamaji yuko wapi, na mtazamaji wa Arua hulipiwa kidogo mno kuliko wa Marekani. Tena wachezaji wako wengi wanacheza data ikiwa imezimwa, na tangazo lisilopakuliwa halilipi hata senti. Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Kwenye baadhi ya mitandao ya matangazo, bila kuzuia, gemu yako inaweza kuonyesha tangazo la kamari kwa mtoto wa miaka 11 anayecheza kwa simu ya baba yake. Mji gani kwetu haujaona kijana aliyepoteza mshahara kwenye kubeti? Ukiamua kuweka matangazo hata kidogo, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa matangazo siku hiyo hiyo ufunge kundi la kamari. Kwa gemu yako mimi nisingeyaweka kabisa. Yangeuvunja ukimya wa ile safari ya usiku kati ya Luweero na Karuma, na ukimya ule ndio gemu yenyewe.

Kuuza vitu vidogo vidogo ndani, mafuta ya lori kwa shilingi 500, taa kwa shilingi 300, kusubiri saa sita au ulipe, naomba usifanye. Sina maelezo marefu. Unamjengea mtu kiu kisha unamuuzia maji.

Lipa unachotaka. Hii wengi huipenda kwa sababu inaondoa aibu ya kutaja bei. Tovuti ya itch.io inaruhusu, mteja anaweza kupakua kwa sifuri au akalipa apendacho, na wewe ndiye unayeamua tovuti ichukue asilimia ngapi, kwa kawaida 10. Ila jua inavyofanya kazi. Oktoba 2009 waliotengeneza World of Goo, ambayo bei yake ilikuwa dola 20, waliwaachia watu wajipangie bei kusherehekea mwaka mmoja wa gemu yao. Walijitokeza wanunuzi wapatao 57,000, wastani wa malipo ukawa dola 2.03, na bei iliyochaguliwa na wengi kuliko zote ilikuwa senti moja. Walifurahi, kwa sababu gemu ilikuwa imekwisha kuuzwa mwaka mzima kwa bei kamili na pesa ile ilikuwa nyongeza. Ukianza na mtindo huo siku ya kwanza, senti moja ndiyo inakuwa bei yako machoni pa watu. Uitumie kwa kionjo, yaani kipande cha Malaba hadi Jinja. Atakayeguswa ataacha chochote, na wote watakuwa wameonja. Vampire Survivors ilipita njia inayofanana: bure kwenye itch.io kwanza, halafu dola 2.99 Steam Desemba 2021, na mwaka 2023 ikatwaa tuzo ya BAFTA ya gemu bora.

Sasa soko la nje, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndiko pesa ya kukulipa muda wako itakakotoka. Gemu za malori zina watu wake waaminifu. Euro Truck Simulator 2 ilitoka mwaka 2012 na bado inauzwa. Watu hao wameshaendesha Ujerumani na Poland mpaka wamechoka, na barabara yako hawajaiona. Weka maandishi ya Kiingereza chini, lakini sauti za madereva ziache Kiswahili kama zilivyo.

Kujiandikisha gemu moja Steam ni dola 100, unarudishiwa mauzo yakifika dola 1,000. Ukishalipa unasubiri siku 30 kabla ya kuruhusiwa kutoa, na ukurasa wa gemu lazima uonekane kwa watu angalau wiki mbili kabla. Mimi ningeuweka miezi sita kabla, ili watu waihifadhi kwenye orodha yao na waarifiwe ikitoka.

Bei ya kule: dola 6.99. Najua unafikiria 0.99 kwa kuogopa. Kwenye kompyuta bei hiyo humwambia mteja kwamba hata mwenyewe hujiamini. Pia haikuachii nafasi ya kupunguza, na wanunuzi wengi wa Steam husubiri punguzo. Bei kuishusha ni rahisi. Kuipandisha ni kugombana na watu.

Tuifuate hiyo dola 6.99 mpaka mfukoni kwako, tukihesabu dola moja kwa shilingi 3,700. Mteja ametoa takriban shilingi 25,900. Steam wanachukua asilimia 30, inabaki dola 4.89. Kama mnunuzi yuko Marekani, serikali yao inakata asilimia 30 nyingine kwenye fungu lako, kwa sababu Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani. Utajaza fomu yao ya kodi, W-8BEN, ukianza, usiogope, ndivyo ilivyo kwa sisi wote. Inabaki dola 3.42, yaani shilingi 12,600 na ushei. Mnunuzi akiwa Ulaya hicho cha Marekani hakikatwi, lakini VAT ya kwao hutolewa kwanza kabla hamjagawana. Toa wanaorudisha gemu, maana Steam humruhusu mtu kurudishiwa pesa kama hajacheza zaidi ya saa 2 ndani ya siku 14. Toa punguzo. Toa ada ya benki ya kupokea fedha kutoka nje, fedha ambazo Steam hutuma tu zikishafika dola 100. Kwa kupanga maisha, hesabu shilingi 10,000 kwa kila nakala na usizidishe.

Miezi yako 14, tuseme ungetaka kila mwezi ulipwe shilingi 800,000. Hiyo ni milioni 11.2. Kwa shilingi 10,000 ni nakala 1,120. Si idadi ndogo kwa mtu asiyejulikana, na gemu nyingi hazifiki. Lakini ni idadi unayoweza kuitazama na kuifanyia kazi, tofauti na ndoto ya kuwa tajiri au uamuzi wa kukata tamaa.

Kuna kasoro moja. Steam haina bei ya shilingi ya Uganda. Afrika Kusini wana randi yao pale, sisi tunaonyeshwa dola kamili. Mwana wa Arua anatozwa sawa na mtu wa Chicago. Kwa hiyo usitegemee Steam kwa watu wa nyumbani, na usimwone mbaya asiyenunua kule.

Simu za nyumbani ndizo zinaturudisha sokoni.

Google Play weka gemu bure kupakua, kipande cha Malaba hadi Jinja kikiwa wazi, na malipo ya mara moja tu kufungua njia yote. Usajili wa mtengenezaji ni dola 25 mara moja, na Google huchukua asilimia 15 kwenye dola milioni ya kwanza ya mwaka. Kwa mtindo huo ile sheria iliyonifunga mimi haikufungi. Itakufaa kwa wachache wenye njia ya kulipia pale, hasa Waganda wa nje. Kabla hujajisajili popote, soma orodha yao ya nchi uone wanakulipa kwa njia gani ukiwa Uganda. Uwe na akaunti ya benki ya dola, na TIN, yaani namba ya mlipakodi ya URA, ambayo haina malipo.

Kwa wengine wote, rudi kwa yule kijana.

Sheria iko upande wako. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta, na unaweza kwenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ukaisajili gemu, jambo ambalo nakushauri ufanye. Lakini usianze na polisi. Yule amejenga kitu ambacho wewe huna: benchi, kompyuta, wateja wanaomwamini, na mdomo wa kusifia. Ukimfukuza, gemu yako itaendelea kuuzwa kibanda cha pili. Mfanye wakala.

Tengeneza toleo la pekee la vibandani, lisiwe lile la Google Play, kwa sababu Google kwa kawaida hawakubali mtu auze vitu vya ndani ya programu kwa njia nje ya malipo yao. Toleo hili mtu analipata bure hadi Jinja. Akifika kwenye daraja la Jinja, lori linasimama, kioo kinaonyesha namba inayotokana na simu ile ile. Anamwonyesha mwenye kibanda. Mwenye kibanda anaingiza namba hiyo kwenye programu ndogo uliyomwekea kwenye simu yake, inatoa tarakimu nane za kufungulia, na floti yake, yaani akiba ya vocha alizokulipia kabla, inapungua moja. Simu ya mchezaji haihitaji intaneti. Tarakimu hizo hazifungui simu nyingine. Je, kuna mjanja atakayezivunja? Yupo. Mwache, usitumie miezi mitatu kupambana naye wakati nyani wako bado anapita ndani ya kioo cha lori pale Karuma.

Bei ya kufungua iwe shilingi 2,000, karibu na rolex moja, ile chapati ya kukunjia mayai. Kijana abaki na 500, wewe 1,500. Anakulipa kwanza kwa MoMo au Airtel Money, kama wakala anavyonunua floti: vocha 20 kwa shilingi 30,000, akiziuza zote amepata 10,000 zake. Kumbuka ukitoa pesa kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada, kwa hiyo usitoe kidogo kidogo kila jioni. Kulipia miezi yako 14 kwa njia hii peke yake kungehitaji vocha karibu 7,500, na sidhani Arua mjini pekee patafika huko. Lakini Koboko wapo, Nebbi wapo, Pakwach pale malori yanapolala wapo, na dereva atakayeinunua Pakwach ataionyesha Malaba.

Ukienda kwake usiende na hasira. Nenda asubuhi kabla hajapata wateja, umpe toleo jipya kwenye flashi, lenye kipande ambapo daraja la Karuma limefungwa na lori linazungukia njia nyingine, kipande ambacho katika lile la zamani hakimo. Mwambie wewe ndiye uliyetengeneza. Mwache acheze mpaka Jinja. Lori litakaposimama darajani na yeye kukuuliza mbona haiendelei, hapo ndipo umtajie floti, na za kwanza 5 umpe bila malipo.